Mzee wa vitabu karibu na Old Taxi Park: nenda, ila hesabu kurasa kwanza

Huu mwaka wa pili nanunua vitabu kwa huyu mzee wa barazani, pale juu kidogo ya Old Taxi Park Kampala, na watu wananiuliza kila siku vitabu vya mtoto natoa wapi, basi wacha niseme yote. Duka lenyewe si duka, ni turubai chini na makatoni matano. Mvua ikinusa tu anakunja kila kitu, na mnaijua mvua ya Kampala, mfereji wa Nakivubo ukifurika we rudi nyumbani.

Vingi ni vya Kiingereza, vya Kiganda vipo, vya Kiswahili katoni moja, tena nusu yake ni sarufi. Hapo ananiudhi. Tangu baraza la mawaziri lipitishe 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, wazazi tunahangaika, mtoto analetewa mazoezi ya ngeli mpaka basi lakini hadithi ya kumfanya aipende lugha hana.

Kinachonirudisha ni mdomo wa mzee. Hakwambii kitabu hiki kizuri, anakuanzishia tu. Juzi nilikuwa na binti yangu wa miaka minane, mzee akachomoa kijitabu cha Kintu na Nambi, yule mtu wa kwanza wa Buganda na mkewe aliyetoka mbinguni, kimechakaa, hata picha hakina, akaanza: Ggulu wa mbinguni kamwambia bintiye Nambi ondokeni upesi, mkisahau kitu msirudi, kaka yako Walumbe, ndiye Kifo, asije akawafuata. Hadithi hiyo nani hapa haijui, mie kwa bibi Bombo nimeisikia mara mia. Lakini mzee hakusema Nambi aliogopa, wala alihuzunika, alisema kuku yuko kwapani, ana njaa, anamdonoa kiwiko, na ulezi wake umebaki juu mbinguni. Halafu akafungua kiganja, akasugua sugua vidole kama mtu anayepima punje. Mtoto akainama kuchungulia. Hakuna kitu mle bana! Na mie na utu uzima wangu nimeshachungulia. Mzee akanyamaza, akafunga kitabu.

"Elfu tano, mama."

Ningefanyaje, nikalipa.

Usiku nyumbani vita vya rangi ya kuku. Kitabu hakisemi, binti anasema mweupe, kaka yake anasema mwekundu mwenye mkia mweusi, na kila mmoja anaapa amemwona. Nikawaza, kwenye kibanda cha video (na mie VJ wetu, wale wanaotafsiri sinema kwa mdomo, nawapenda sana, wananichekesha kuliko sinema yenyewe) huyo kuku angeshaletwa na rangi yake, watoto wangekaa kimya wanatazama. Huku kila mtu kafuga wa kwake.

Sasa malalamiko. Riwaya ya upelelezi niliyonunua kwake iliishia ukurasa wa 176, mtu ameshika kitasa cha mlango, kwisha. Jueni kwamba vitabu vingi vinashonwa kwa mafungu, mara nyingi kurasa 16 au 32 kila fungu, uzi ukilegea haidondoki karatasi moja, linaondoka fungu zima na hata huoni pengo. Kwa hiyo usitazame jalada, pindua mpaka mwisho ukiwa palepale. Nilirudi nimevimba kweli kweli. Pesa hakurudisha, akanivutia kigoda, "Kaa mama, mwisho naujua," akanihadithia kama dakika ishirini huku anauzia wengine, na kulikuwa na mjane mmoja anayefika usiku na ufunguo kwenye soksi, banange, nilipitwa na teksi mbili sijali.

Wiki mbili baadaye nikakuta nakala nzima kwa jirani. Mlangoni ni mtu mwingine kabisa, mjane hayumo popote, soksi hakuna. Katunga! Na mwisho wa kwenye kitabu, niwe mkweli, ni polisi watatu wanaelezana mambo ambayo nilishayajua.

Bei ni nafuu, elfu mbili hadi kumi, punguza kwa adabu. Nyota nne, ya tano nimeizuilia kwenye lile fungu lililopotea. Jana nilipita, si kugombana, nilitaka tu kumuuliza yule mjane aliishia wapi. Akasema nije Jumamosi, sasa hivi ana wateja.