Masomo ya Alexander kwa mgongo wa mlezi wa wazee: yana thamani ya pesa yake?

Nafanya kazi ya kulea wazee hapa Milton Keynes, Uingereza, na wenzangu wa kazi hii mnaijua: kuinama kitandani, kumgeuza mtu, kumvisha soksi, kusukuma kiti cha magurudumu juu ya zulia. Kiuno kilikuwa kinaniuma mpaka nikitoka zamu ya usiku siwezi kushuka garini bila kushika mlango. Panadol nimemeza, mafuta ya kuchua nimepaka. Mwaka huu nimesoma Mbinu ya Alexander kwa mwalimu wa kike hapa mjini, na kila tukikutana shughulini watu wananiuliza kulikoni natembea nimenyooka hivi, basi jibu langu ni hili.

Kwanza mjue kuwa ni somo, si matibabu. Hukandwi wala huvutwi viungo. Unafunzwa kuutambua mwili wako unavyofanya kazi, na kuacha yale unayoyafanya bila kujijua. Muasisi wake, F. M. Alexander, alizaliwa Tasmania, Australia, mwaka 1869. Alikuwa akighani tamthilia jukwaani, sauti ikawa inamkauka. Akipumzika hupona, akirudi jukwaani inapotea tena. Akajitazama kwenye vioo, akaona kila akitaka kusema huvuta kichwa nyuma na kulibana koo. Alihamia London mwaka 1904, akafundisha huko hadi alipofariki mwaka 1955.

Sehemu kubwa ya somo la kwanza ilikuwa kukaa kitini na kuinuka. Mwalimu aliweka mkono nyuma ya shingo yangu, mwepesi kabisa, akaniambia niwaze kuinuka, kisha nisiinuke. Hapo ndipo nilipojua: shingo ilikuwa imeshakaza kabla makalio hayajaachana na kiti! Miaka yote hiyo nilikuwa naanza kila jambo kwa kujibana, hata kuchukua kikombe cha chai. Kazi ya mwalimu ni kukupa ile nafasi ndogo kati ya kutaka kufanya na kufanya, uilegeze shingo, kichwa kipande juu, mgongo urefuke, ndipo uinuke. Ukiinuka hivyo mara moja, mwili unashangaa wenyewe.

Baada ya kiti, unalala chali juu ya meza, magoti yamekunjwa, kichwa juu ya vitabu viwili vitatu. Hili nalifanya nyumbani kila siku kwenye mkeka, kama robo saa, kwa vitabu vya shule vya wanangu. Ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Kazini tofauti naiona zaidi. Sasa nakipandisha kitanda kwanza, nasita kidogo, nainamia nyonga na magoti, si kiuno. Na kuna jambo sikulitegemea: nikiwa nimetulia mimi, na mzee ninayemgeuza hakazi mwili. Bibi mmoja aliyekuwa akinishika mkono kwa hofu kila nikimgeuza, siku hizi ananiachia. Hata rukuu yangu, ile ya kuinama katika swala, imenyooka, namshukuru Mungu.

Kwa mnaotaka ushahidi, upo. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa wagonjwa 579 wa Uingereza wenye maumivu sugu ya mgongo. Baada ya mwaka mmoja, waliopata huduma ya kawaida waliumwa siku 21 kati ya siku 28. Waliosoma masomo 24 waliumwa siku 3. Masomo 6 pamoja na maagizo ya kufanya mazoezi nayo yalisaidia sana. Hilo ndilo lililonipa moyo wa kulipa.

Maana bei ni nzito. Mimi nalipa pauni 45 kwa dakika 40, na kwa mshahara wa mlezi hiyo ni pesa ya kufikiria mara mbili. Kwa kawaida hospitali za serikali hazikulipii. Madarasa ya kikundi ni nafuu, ila mkono wa mwalimu unakufikia kwa uchache, na mkono ule ndio somo lenyewe. Pia yataka subira: maneno kama "acha kichwa kiende mbele na juu" hayaingii mara moja.

Kina dada wenye kujistiri wasiogope. Nguo huvui, mtandio wangu unabaki kichwani, na niliomba mwalimu mwanamke tangu mwanzo bila taabu. Ulizeni amesomea wapi. Walimu wa STAT, chama cha walimu wa mbinu hii, husoma miaka mitatu. Lakini ukiona miguu inakufa ganzi au mkojo haushikiki, usitafute mwalimu wa mbinu yoyote, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye mgongo kama wangu namshauri aanze na masomo sita, na mkeka wake alale kila siku. Nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa ajili ya bei.