Hatifungani ya maji ya Tanga: riba nono, mlango wa kutokea mwembamba

Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, ilipotoa Hatifungani ya Kijani (karatasi ya mkopo kwa miradi inayojali mazingira) Februari 2024, ilitaka shilingi bilioni 53.12 na ikapata bilioni 54.72, sawa na asilimia 103. Muda ni miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, inalipwa kila miezi sita. Mwenye milioni moja anapokea 67,500 kila awamu. Kwa karatasi ya shilingi, hiyo ni riba nzuri.

Uzuri wake wa pili hauonekani kwenye risiti. Karibu theluthi mbili ya deni la nje la Tanzania ni la dola, na shilingi inaposhuka, deni hilo linavimba bila Hazina kukopa hata senti mpya. Mabomba ya Tanga yanalipiwa kwa bili za shilingi. Kuyajenga kwa mkopo wa dola ni kujitafutia balaa. Hapa mamlaka imekopa kwa jina lake, kwa fedha inayokusanya yenyewe. Mwezi uliofuata Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaipandisha Tanzania kutoka daraja la B2 hadi B1, lakini daraja hilo ni la serikali. Usilichukulie kuwa dhamana ya karatasi hii, maana hii ni hatifungani ya mapato: inalipwa kwa makusanyo ya mamlaka.

Kwa hiyo chimba kwenye mapato. Riba ya zile bilioni 53.12 zilizotakiwa ni kama bilioni 7.17 kwa mwaka, mtaji bado. Fungua waraka wa matarajio, yaani kitabu cha maelezo ya hatifungani, tafuta jedwali la marejesho uone mtaji unarudije, kisha hesabu za mwaka za mamlaka. Mambo matatu ndiyo yanayouma: maji yanayopotea kabla ya kufika kwenye mita, bili za taasisi za umma zinazolala miezi, na bei ya maji, ambayo EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ndiyo inayoidhinisha. Chanzo nacho kisisahaulike. Mto Zigi unashuka kutoka Usambara Mashariki hadi bwawa la Mabayani. Msitu wa juu ukifyekwa, tope linaongezeka na gharama ya kusafisha inapanda. Neno “kijani” hapa lina hesabu ndani yake.

Kununua sasa ni kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam: namba ya NIDA, akaunti ya benki, akaunti ya CDS (inayotunza hisa na hatifungani zako), kisha oda. Jina kwenye akaunti ya benki lifanane herufi kwa herufi na la CDS, la sivyo riba inakwama. Ukinunua katikati ya awamu, unamlipa muuzaji riba iliyokwisha kukusanyika. Miezi mitatu ni kama 33,750 kwa kila milioni. Wengi hudhani wameibiwa, kumbe fedha hiyo inarudi awamu ikilipwa. Kamisheni iulize kabla ya kusaini.

Kasoro kubwa ni kutoka. Wauzaji na wanunuzi ni wachache, na bei inafuata riba za serikali. Karatasi ya miaka 10 yenye riba ya 13.5 na mtaji unaolipwa mwishoni inashuka hadi kama 92 kwa kila 100 soko likidai asilimia 15, na inapanda kupita 108 likiridhika na 12. Hapo ndipo namlaumu mkopaji mkuu, serikali: riba ya hatifungani ya serikali ya miaka 25 ilikuwa 15.95, mwaka 2022 ikakatwa hadi 12.56, baadaye ikarudishwa 15.75. Mwekezaji anaweza kuvumilia riba ndogo. Kuyumbishwa hivi ndiko kunakomfanya akae pembeni na fedha zake.

Kwa fedha ya ada ya shule ya mwakani, hapana. Kwa akiba ambayo haitaguswa hadi 2034, naipa nne kati ya tano; moja nimeikata kwa sababu ya soko la kuuzia.