Nilimlipa mtaalamu aje kumtazama jogoo wetu mkali: tathmini ya huduma

Kwa muda wa miezi 2 familia yangu ilikuwa ikitoka uani kwa kuchungulia kwanza, kwa sababu huko nje kulikuwa na jogoo aliyekwisha kujitangaza kuwa ndiye mwenye nyumba. Ni jogoo wa aina ya Kuchi, mwenye miguu mirefu, shingo iliyosimama na undu mdogo uliobanana kichwani, na siku nilipompima mzani ulionyesha kilo 3 kasoro kidogo. Nilimnunua akiwa pora, yaani jogoo mchanga, nikitarajia kwamba atawaongezea umbo kuku wetu wa kienyeji. Tathmini hii inahusu huduma niliyoilipia baada ya jogoo huyo kumrukia mjukuu wangu wa miaka 6 na kumtoboa paja, yaani ziara ya nyumbani ya mtaalamu wa mifugo anayejitegemea hapa Morogoro. Kwa kuwa nina malalamiko pamoja na sifa, sitamtaja jina.

Niseme mapema habari za fedha na muda, kwani ndizo zinazoulizwa sana. Ada ya ziara ilikuwa shilingi 25,000, na nauli ya bodaboda, ambayo hatukuwa tumeizungumza kwenye simu, iliongezwa wakati wa kuondoka. Aliahidi kufika Jumamosi akafika Jumatatu, bila ya kupiga simu, ingawa alijua kwamba nyumbani kuna mtoto aliyeumizwa. Kwa mambo haya mawili ningempunguzia alama mtu yeyote.

Lakini kazi yenyewe aliianza kwa namna ambayo sikuitegemea. Nilidhani ataingia uani, amkamate jogoo na kutuonyesha ubabe. Badala yake aliomba kigoda, akakaa nyuma ya dirisha la jikoni kwa dakika 40, na kututaka tuendelee na shughuli zetu kama kawaida. Dada wa kazi alipotoka na ndoo ya njano kwenda bombani, jogoo alinyanyua kichwa, akashusha bawa moja hadi likagusa ardhi, akaanza kutembea kiubavu kwa kumzunguka, huku akidonoadonoa chini. Sisi siku zote tuliliona jambo hilo tukalichukulia kuwa anakula.

Mtaalamu akanivuta mkono. "Mzee, tazama mdomo wake vizuri. Hiyo punje anayoidonoa haipo."

Kweli haikuwapo. Pale alipokuwa akidonoa palikuwa ni saruji tupu. Manyoya ya shingo yalikuwa yameanza kusimama, dada akarudi nyuma hatua mbili za haraka, na hapo hapo jogoo akaruka na kutanguliza miguu. Katika miezi 2 yote ya kuishi naye, hakuna aliyekuwa ametambua kwamba kabla ya kila shambulio jogoo yule alikuwa akitoa onyo, na kwamba onyo hilo lilidumu muda wa kutosha mtu kufanya jambo la maana. Kwangu mimi, ada nzima ilikwisha kulipika kwa dakika ile moja.

Maelezo yaliyofuata yalikuwa ya kina, ingawa aliyatoa kwa haraka mno na hakutuachia hata karatasi moja ya maandishi. Alieleza kwamba kuku huishi kwa ngazi ya vyeo, jambo lililoelezwa kitaalamu na mwanazuoni wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, mwaka 1921, na kwamba cheo hupatikana kwa kuangalia nani amempisha nani. Kila tulipokimbia, jogoo alihesabu kwamba tumempisha. Na kila mpwa wangu alipompiga teke au kumrushia jiwe, jogoo alielewa kwamba pambano limekubaliwa, akarudi kesho yake akiwa amejiandaa zaidi. Ni tabia ileile inayomfanya ayalinde matetea dhidi ya mwewe. Tofauti ni kwamba sisi ametuweka katika kundi la wale wanaofaa kupambana nao.

Alituuliza pia jinsi alivyolelewa, na hapo aibu ikawa yetu. Alipokuwa pora, watoto walimlisha kwa viganja, wakampakata, wakampa na jina. Alikua peke yake bila ya jogoo mkubwa wa kumfundisha adabu, na bila ya kumwogopa binadamu hata kidogo. Alipofikia miezi 5 na zaidi, damu ya ujogoo ilipoanza kuchemka, hakuona sababu ya kutotupima nguvu. Nilikuwa nimeamini kwamba kuku aliyezoeshwa mikononi ndiye atakayekuwa mpole, na nadhani wafugaji wengi wadogo wanaamini hivyo.

Kuhusu idadi ya matetea, nilivutiwa na uaminifu wake. Tulikuwa na matetea 3 tu, ilhali ushauri wa kawaida kwa kuku wa kienyeji ni jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10. Mwingine angenishauri niongeze kuku na kuniahidi kwamba ukali utakwisha. Yeye alisema kwamba kuongeza matetea kutaokoa migongo yao, ambayo ilikuwa imeanza kunyonyoka kwa kupandwa kila mara, lakini hakutamfanya jogoo awaheshimu watu.

Mafunzo ya vitendo yalikuwa haya: mtu asikimbie, asipige, asigeuze mgongo. Asimame akiwa amemtazama, ashike ungo au kifuniko cha beseni usawa wa magoti, na asubiri mpaka jogoo atazame pembeni au aanze kula chakula cha kweli, ndipo aendelee na safari yake polepole. Magharibi, kuku wakishapanda kulala, alitufundisha kumtoa jogoo kwenye kitulio chake, kwa kuwa katika mwanga hafifu haoni vizuri na hapigani: mabawa yabanwe kwa mkono na ubavu, miguu ishikwe kwa vidole, atembezwe hivyo uani hadi shingo ilegee. Alimkagua chini ya mabawa na kuzunguka macho kutafuta chawa, utitiri na viroboto, kwa maelezo kwamba ndege mwenye maumivu naye huwa mkali. Hakukuta kitu.

Jirani yetu, aliyekuja kushuhudia, alipendekeza vipi vya jogoo, yaani miiba ya miguuni, ving'olewe kwa koleo kama walivyofanya kwao. Mtaalamu alikataa katakata, akieleza kwamba ndani ya ule mwiba wa mguuni mna mfupa na damu, na kinachofaa kukatwa ni ncha peke yake. Alikata kwa kikata kucha kikubwa na kulainisha kwa msasa. Upande wa kushoto ulitoka tone la damu, akalibana kwa unga wa sembe hadi likakauka. Kazi yote haikuzidi dakika 10.

Sikukubaliana naye katika jambo moja. Alitaka tumkandamize jogoo kichwa kuelekea chini kwa dakika kadhaa kila jioni ili "ajue mkubwa ni nani". Siku ya kwanza nilipojaribu, alihema mdomo ukiwa wazi na macho yakamtoka, nikamwachia. Kumbeba kwa utulivu kulileta matokeo yaleyale bila ya kumtesa, na sidhani kwamba kiumbe anayetawaliwa kwa hofu huwa salama siku atakapokutana na mtoto.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hakuuliza lolote kuhusu jeraha la mjukuu wangu. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyetueleza kwamba kipi ni kichafu, tundu lake ni dogo lakini lina kina, hivyo lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na mtoto achunguzwe kama anahitaji sindano ya pepopunda. Jambo hili si la kupuuzwa: mwaka 2019 iliandikwa habari ya mama mzee wa Australia aliyefariki kwa kuvuja damu baada ya jogoo kumdonoa mguuni penye mshipa uliovimba, alipokuwa akiokota mayai. Anayelipwa kwa kazi hii angepaswa kuanzia hapo, kisha aseme wazi kwamba macho ya mtoto mdogo yako usawa wa miguu ya jogoo anayeruka.

Sasa ni wiki ya 6. Mimi nikipita, jogoo hujitenga. Dada akiwa na ungo wake, bado hushushiwa bawa mara mojamoja, lakini harukiwi. Ndoo ya njano tuliibadilisha, na sijui kama ndiyo iliyokuwa ikimchokoza au siyo, ila kelele zimepungua. Mtoto haingii kabisa upande wa kuku, tumeweka wavu, na mtaalamu mwenyewe alikuwa amenionya kwamba hana dhamana ya kunipa na kwamba wako majogoo ambao dawa yao ni sufuria. Natoa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoizuia ni ya zahanati.

Alinikataza kuatamisha mayai ya jogoo huyu, kwa sababu ukali nao hurithiwa, kwa hiyo lile nililomnunulia halipo tena na mayai yote tunayala. Kwa jogoo ajaye alinielekeza niende bandani kwa mfugaji, nimwombe anionyeshe baba yake pora, kisha nitazame baba huyo anavyompokea mtu anayeleta chakula. Nimekwisha kwenda kwa wafugaji wawili. Kwa wa kwanza pora walikuwa wameisha. Wa pili alikuwa nao wengi na wazuri, lakini kabla ya kufungua mlango wa banda aliokota fimbo, nami nikamuaga.