Geji ya joto kwenye Land Rover ya zamani: ya umeme au ya mrija?

Ukifufua Land Rover ya zamani hapa Tanga, swali hilo utaulizwa gereji yoyote.

Kwa usahihi, mrija unashinda. Ni bomba jembamba linalotoka kwenye injini hadi kwenye geji, na halitegemei betri: tungi lililo ncha ya injini likipata moto, shinikizo la ndani ndilo linalosukuma mshale. Kuipima geji, litumbukize tungi kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Huku pwani lazima isome karibu nyuzi 100. Lakini mrija ukikatika, geji nzima imekwenda. Waya huungwa, mrija hauungwi barazani.

Ya umeme ni rahisi kuitunza, maana sensa, kile kipima joto kilichofungwa kwenye injini, hubadilishwa peke yake. Shida ni kwamba ina njia nyingi za kudanganya. Chumvi ya bahari hula ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia bodi. Fundi akizidisha ule utepe mweupe wa mabomba kwenye meno ya kufungia sensa, umeme haupiti vizuri na mshale unasoma baridi wakati injini inatokota. Na geji ya mafuta ikipanda pamoja na ya joto, iache sensa. Chungulia nyuma ya dashibodi kwenye kidhibiti umeme, ambacho hulisha geji zote mbili kwa wastani wa volti 10. Hapa ndipo watu wengi hununua sensa bure.

Kwa mizunguko ya Ngamiani na Raskazone, ya umeme inatosha, na dashibodi inabaki na sura yake ya asili. Anayepandisha Mombo hadi Lushoto na mzigo, mimi ningemfungia mrija. Mwenye injini iliyotoka kufanyiwa ovahoo anaweza kuweka zote mbili kwa muda, kama kuna tundu la pili.