Pipa la bluu la lita 200 kwa kuhifadhi maji ya chumvi: uzoefu wangu Arusha

Anayefuga matumbawe Arusha hawezi kwenda kuchota maji baharini kila anapotaka kubadilisha maji ya tangi, kwa kuwa Tanga iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Hana budi kuchanganya chumvi nyumbani na kuyahifadhi maji yakiwa tayari, maana tangi likipata dharura hakuna muda wa kusubiri chumvi iyeyuke. Kwa kazi hiyo ninatumia pipa la plastiki la bluu lenye mdomo mpana, ambalo mfuniko wake una mpira kwa ndani na hukazwa kwa pete ya chuma, na ninaliona bora kuliko matangi ambayo mfuniko wake huwekwa juu tu.

Ubora wake uko kwenye mfuniko huo. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi hubaki, na kiwango chake hupanda taratibu bila mtu kutambua. Ndani ya pipa hili matone hujikusanya chini ya mfuniko na kurudi majini, hivyo refraktomita, kifaa cha kupimia kiwango cha chumvi majini, husoma 35 kwa elfu kama nilivyoyaacha, hata baada ya wiki kadhaa za kiangazi. Mfuniko huohuo huzuia vumbi na hupunguza hewa ukaa ya jiko la mkaa kuingia majini, hewa ambayo hushusha pH, yaani huongeza asidi ya maji, ingawa alkalini yenyewe (uwezo wa maji kuhimili asidi) haibadiliki.

Alkalini ndiyo inayohitaji uangalizi zaidi. Hiyo haipotei hewani, bali huungana na kalsiamu na kuganda kuwa chokaa nyeupe, ile inayoonekana kwenye mapanga ya pampu na kwenye hita. Chokaa hiyo huganda kwa urahisi zaidi maji yanapopata joto, na ndiyo maana baridi ya Arusha ya Juni na Julai ni msaada mkubwa: ninaliacha pipa kivulini bila hita, pampu ninaiwasha kwa muda mfupi tu kila siku, kisha ninayapasha maji hadi nyuzi 25 usiku wa kuamkia siku ya kuyabadilisha. Kwa utaratibu huo, maji yaliyoanza na alkalini ya 8 dKH (kizio cha kupimia alkalini) hubaki hapohapo au hushuka kidogo sana. Chumvi zenye alkalini ya 11 au 12 hazitulii hivyo, na baadhi ya watengenezaji wenyewe hushauri zitumike mapema. Pipa haliwezi kulibadilisha hilo.

Wala haliwezi kuyatengeneza maji yaliyoanza vibaya. Maji mengi ya miteremko ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, ilhali ya bahari yana takriban miligramu 1.3 tu kwa lita, kwa hiyo ninachanganya kwa maji yaliyopita kwenye mashine ya RO pekee, ile inayochuja maji kwa utando mwembamba sana, nikimimina chumvi kidogokidogo ndani ya maji yanayozungushwa.

Kasoro ya pipa hili ni pete yake. Maji ya chumvi yakimwagika ukingoni, chuma hushika kutu haraka, na kutu hiyo haifai kabisa kudondokea majini. Ninaisuuza kila nikifungua, nikaikausha kwa kitambaa kabla ya kuikaza tena. Kwa kuwa mapipa mengi ya aina hii huuzwa yakiwa yametumika, mnunuzi amuulize muuzaji pipa lilibeba nini, kisha alinuse ndani mwenyewe: lililobeba juisi huoshwa likatakata, lakini lililobeba dawa za kilimo aliache hata akipunguziwa bei.