Mtungi wa udongo kwa joto la Dodoma: nunua, ila ujue kuutunza

Joto la Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, mtungi wa udongo ndicho chombo cha maji tunachokipendekeza kuliko vyote kwa nyumba ya Dodoma. Hautumii umeme, na maji yake yanashuka kooni bila kukata meno. Wanaofuata Ayurveda, tiba ya asili ya Uhindi, wanaupenda kwa sababu yao: kwao kiangazi ni wakati wa kupanda kwa pitta, joto la mwili, na maji ya kunywa yawe ya ubaridi wa wastani, kwani ya barafu huzima agni, moto unaosaga chakula tumboni. Hayo ni mafundisho, si vipimo vya maabara. Ubaridi wa mtungi, huo unapimika.

Maji yanapenya vitundu vya udongo, yanafika nje, yanakauka, na yanapokauka yanabeba joto la maji yaliyobaki ndani. Kushusha lita 20 kwa nyuzi 8 kunahitaji takribani robo lita tu ikauke, au zaidi kidogo. Lakini hewa lazima iwe kavu. Kukiwa na nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 30, hali ya kawaida ya mchana wa kiangazi huku, kikomo cha ubaridi ni karibu nyuzi 20. Joto hilohilo kwenye unyevu wa asilimia 70, kama wa Dar es Salaam, kikomo kinakuwa nyuzi 27. Mtungi haufiki kabisa kwenye kikomo, lakini unaona tofauti. Ndiyo maana mtu wa Pwani anaweza kuuponda mtungi na mtu wa Dodoma akausifu, na wote wakawa wakweli.

Dukani, kataa uliopakwa rangi ya mafuta au vanishi, hata ukipendeza vipi: vitundu vimezibwa, hautoi jasho. Ugonge kwa kifundo cha kidole. Mzima unalia, wenye ufa unatoa sauti iliyokufa. Chagua wa lita 15 hadi 20 wenye mdomo mwembamba, au wenye bomba. Ukifika nyumbani usugue kwa brashi na maji matupu, uloweke siku nzima, ujaze, umwage, ujaze tena mpaka harufu ya udongo ipungue. Sabuni usiiguse, udongo unaifyonza na utainywa wiki nzima.

Uweke kivulini panapopita upepo, juu ya kigoda cha mbao au beseni la mchanga uliolowana. Kuusukumiza kwenye kona ya jikoni ndilo kosa kubwa: hewa haizunguki, maji yanabaki vuguvugu, na lawama zinakwenda kwa mfinyanzi. Kosa la pili ni kudhani unasafisha maji. Hausafishi. Chemsha, acha yapoe, ndipo umimine, na uteke kwa kata yenye mpini mrefu, si kwa kikombe kinachoingia na vidole.

Maji ya visima yenye chumvichumvi yana adha yake. Baada ya muda nje ya mtungi hutanda ukoko mweupe kama chokaa, na ukoko ukizidi jasho linakoma. Sugua nje kwa brashi na maji ya ndimu, kisha suuza vizuri. Ndani, brashi na maji ya moto mara moja kwa wiki yanatosha kuzuia utelezi.

Usitie viungo ndani ya mtungi. Harufu haitoki tena. Ukitaka kinywaji cha mbegu za giligilani, kitengeneze pembeni. Kipimo cha kale cha Ayurveda ni sehemu 1 ya mbegu kwa sehemu 6 za maji, mfano gramu 25 kwa mililita 150, lakini hicho ni kikali kama dawa. Kwa kunywa tu, kijiko 1 cha chakula cha mbegu kwa glasi ya maji ya mtungi kinatosha. Nunua mbegu nzima, sokoni zipo, uziponde kidogo tu: ukitumia unga utapata tope lisilochujika. Loweka usiku, chuja asubuhi, tia sukari kidogo, ukimalize siku hiyohiyo kwa kuwa joto hukichachusha.

Mchana, mtindi ni bora zaidi: kikombe 1 kwa vikombe 3 vya maji ya mtungi, robo kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa, chumvi ya kubana vidole viwili. Piga kwa mchapo mpaka povu litoke. Tangawizi na pilipili Ayurveda inaziacha kwa msimu wa baridi.

Anayeharisha au kutapika vinywaji hivi havimtoshi. Apewe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Akianza kuchanganyikiwa huku mwili unawaka, mloweshe maji, mpepee, na apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Mvua zikikolea Januari, hewa inalowana na mtungi unapunguza kazi. Usiutupe, ufunike na uendelee kuusugua mpaka kiangazi kirudi.