Mikindani kwa miguu: bustani nusu, ming'oko tele

Kwenye ziara hii ya kutembea Mikindani tulikuwa 11 kwenye Hiace moja kutoka Mtwara mjini, Sh 35,000 kwa kichwa. Bustani zilizosifiwa kwenye tangazo la ziara zilikuwa mbili tu, na ya kwanza tuliipita kama tunakimbia mvua. Lakini lile shamba la mikorosho! Ilikuwa Oktoba, mabibo yametapakaa chini, harufu tamu hadi kichwa kinakuwa chepesi. Bibi mwenye shamba alituchomea korosho kwenye bati, akatuonya: "Wanangu, msiguse maganda, mafuta yake yanababua." Mie nikagusa. Kidole kiliwasha siku mbili.

Kisha ming'oko, mizizi ya kuliwa ya huku kusini, imechemshwa, bado inafuka moshi, na chumvi iliyotwangwa na pilipili. Mtu wa Tanga mimi, nilidhani ni mizizi ya porini tu. Nilirudia mara tatu. Pweza wa mchana alikuwa mgumu, tuseme ukweli. Boma la Wajerumani la 1895 tulilifikia jioni, na kijana aliyetuongoza alilieleza kama anasimulia habari za kwao, si kukariri. Nitakwenda naye tena, ila maji nitabeba yangu. Waliyotugawia yalikuwa yamepata moto garini, chai kasoro majani.